Mgeni Husoma Mizani

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilivaa suti ya sufu niliyoinunua Uingereza, na jua la Busia likanikaribisha kwa namna yake. Nilipofika mlangoni kwa Mkuu wa Wilaya, shati lilikuwa limegandamana na mgongo. Sikujali. Kwapani nilibeba bahasha, na ndani yake Diploma ya Elimu ya Viungo na Michezo, ambayo hakuna mtu mwingine wa kijiji chetu cha Mundika aliyekuwa nayo wakati ule. Sikupewa na mjomba wala mbunge. Niliipata kwa kuosha sahani za hoteli ya watu na kusoma huku mikono inanuka sabuni.

Bwana DC, kama tulivyomwita, alikuwa mtu mrefu wa maneno mafupi. Aliishika diploma yangu, akaigeuza kuangalia kama nyuma nako kuna maandishi.

"Sasa wewe umesomea kucheza?"

"Riadha, mpira, kuogelea na ndondi, Bwana DC. Kwa ndondi nina cheti cha pekee cha uamuzi."

"Kuogelea sahau. Hapa mtu akiingia kwa maji, jua mtumbwi umepinduka." Akanirudishia karatasi. "Lakini ndondi, hapo umefika nyumbani. Kuna mashindano yetu na watu wa ng'ambo. Kila mwaka yananipa kichwa kuuma. Kuanzia leo hicho kichwa ni chako."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Afisa wa Michezo wa wilaya mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa mashindano ya ndondi ya mpakani. Nasema bila haya kwamba niliyakuta yakitambaa nikayasimamisha yakatembea.

Vijana wa leo wanadhani mashindano ya kimataifa huanzia Nairobi, kwa hotuba na bendera. Yetu yalianzia Malaba, kwenye foleni ya malori. Madereva walikaa pale wakisubiri karatasi zao zigongwe mihuri, na mtu mwenye nguvu asiye na kazi ataitafutia ngumi yake kazi. Makarani wa forodha wa pande zote mbili walichoka kuamua ugomvi. Wakafunga kamba kwenye nguzo nne na kusema: mwenye hasira aje apigane humu, kwa raundi, na refa akiwepo. Wafanyakazi wa reli wakajiunga, kisha polisi, kisha vijana wa vijijini. Mimi nilipofika, Kenya na Uganda zilikuwa zinakaribishana kwa zamu, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Tanzania walikuja treni ilipowakubalia. Hata Wazambia walifika mara moja, wakakuta ugali wetu wa muhogo na wimbi, wakauliza kama umeungua.

Kazi niliyoifanya haikuwa ndogo. Ulingo ulikuwa turubai la lori lililotandazwa juu ya mataruma ya reli, nami nikaamuru liwekewe nyasi kavu chini, kwa sababu bondia anayeangushwa huumizwa na sakafu kuliko na ngumi. Nilifundisha kufunga bendeji mkononi kabla ya glavu ili vifundo visivunjike. Nilisisitiza kila bondia awe na kinga ya meno, kile kipande cha mpira kinachong'atwa. Niliwafundisha majaji kwamba katika ndondi za ridhaa hatuhesabu nani kaanguka kwa kishindo, tunahesabu makonde yaliyofika vizuri, kwa sehemu ya mbele ya glavu, usoni au kifuani. Watu walinung'unika. Mzee mmoja wa Amukura aliniuliza mbele ya umati, "Afisa, kama damu haihesabiwi, sisi tumekuja kuangalia nini?" Nikamjibu, "Ufundi, mzee." Akasema ufundi angeuona kwa fundi baiskeli bila kiingilio.

Lakini mambo mawili niliyakuta na sikuyagusa, na msomaji ayaweke akilini.

La kwanza ni desturi ya mizani. Asubuhi ya pambano kila bondia hupimwa uzito, akiwa na kaptula tu, ili mwepesi asipewe mzito. Sisi tulitumia mizani ya kusimamia, yenye ufito wa chuma mlalo na kidude cha kusukuma juu yake. Kidude huwekwa kwenye uzito unaoruhusiwa. Bondia akiwa sawa, ufito unaelea katikati. Akizidi, ncha yake inaruka na kugonga juu. Sasa, zamani za makarani, kila mwenyeji alikuwa anamwibia mgeni. Ndipo wakakubaliana: mgeni husoma mizani, mwenyeji hushuhudia. Mgeni akishatamka na mwenyeji akaitikia, neno limekwisha, hata mkuu wa majeshi hawezi kulitengua.

La pili ni kukimbia jasho. Bondia aliyezidi uzito hafukuzwi palepale. Hupewa nafasi ya kwenda kupunguza, maana uzito mdogo wa ziada ni maji tu. Basi huvaa sweta juu ya sweta, anajifunga blanketi, anatoka kukimbia juani. Pale kwetu njia ilikuwa moja tangu mwanzo: mpaka darajani, avuke, aguse kizuizi cha upande wa pili, ageuke. Nani atabeba pasi ya kusafiria ndani ya blanketi? Watu wa forodha waliinua tu mti wao na kumzomea. "Boss, punguza ugali!" "Mama Jane wa hoteli alikulisha lini tena?" Wiki ya mashindano ilikuwa kawaida kuona mtu kama furushi la nguo linavuka mpaka wa kimataifa na kurudi bila kuulizwa jina.

Mwenzangu upande wa pili alikuwa Kapteni. Nilimkuta akiwa mwalimu wa ndondi wa klabu ya raia karibu na Tororo, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya tarumbeta. Baadaye hali ya kule ilipobadilika na wanajeshi wakatawala, klabu yake yote iliandikishwa jeshini, naye akashonewa nyota begani. Alipoleta timu kwetu alikula samaki nyumbani kwangu Mundika, na mke wangu alimpenda kwa sababu alisifia mchuzi kabla ya kuuonja. Tuliitana ndugu. Hatukuzungumza siasa, lakini niliona mwaka hadi mwaka kicheko chake kinavyopungua.

Kisha ukaja mwaka wa zamu yao, na hali mpakani ilikuwa mbaya. Watu walivuka kuja kwetu wakiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Bwana DC aliniita.

"Nimefikiria kukataza hii safari," alisema. "Lakini tukikataa, watasema tumewatukana, na hapo nani atafungua geti kwa watu wetu wa sokoni? Utaenda. Sitaki vikombe. Nataka hesabu ya vichwa iwe vile ilivyokuwa. Ukirudi na pungufu, Afisa, mimi nitawaambia nini mama zao?"

"Watarudi wote, Bwana DC. Mimi nina diploma ya kusimamia timu."

"Chukua na akili pia," akasema.

Ukumbi ulikuwa ghala la pamba, mwendo mfupi kutoka darajani. Mlangoni alikaa mtu wa usalama mwenye bunduki magotini, akila karanga na kutema maganda. Ndani, mabondia wao, sura mpya zote, walikuwa wameshapanga foleni kando ya ukuta. Nilikuwa naisawazisha mizani, kama ilivyo haki ya mgeni, nilipohisi mtu ananivuta shati. Alikuwa Etyang, bondia wangu wa uzito wa bantam, yaani wa pili kwa wepesi, mgeni katika timu, mkono wake wa kushoto ukiwa mwepesi kuliko wowote niliowahi kuufundisha. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Afisa, yule Kapteni ananijua."

"Akujue. Nani asiyejua kushoto kwako?"

"Hapana, Afisa. Ananijua na sare."

Akanieleza kwa kunong'ona, huku wenzake wakivua viatu. Nyumbani kwao ni nyuma ya Amukura, lakini mjomba wake yuko ng'ambo. Alikwenda kwa mjomba, akaingia klabu ya Kapteni apate glavu na chakula. Klabu ilipoandikishwa jeshini, naye akaandikishwa. Baba yake akafa, akaja kuzika, na hakurudi.

"Yaani wewe ni mtoro wa jeshi lao?"

"Sikuwahi hata kupiga risasi, Afisa. Nilipiga mfuko tu."

"Na ukapanda lori langu ukaja huku? Na akili zako?"

"Nilidhani wamesahau." Akaangalia chini. "Na hapa ni kwa mjomba tu."

Msomaji asimcheke. Huku kwetu ndivyo watu wanavyoishi. Shamba la babu liko huku, kaburi la bibi liko kule, na mto katikati ni mahali pa kunyweshea ng'ombe. Etyang hakuvuka mpaka kwenda jeshini. Alikwenda kwa mjomba. Lakini mtu wa karanga pale mlangoni hakuwa mtu wa kuelezwa mambo ya wajomba, na sisi sote tulijua mtoro hufanywa nini. Zaidi ya hapo, viti vya mbele usiku ule vingekaliwa na askari waliolala naye kambi moja. Hata Kapteni akinyamaza, Etyang asingeweza kupanda ulingoni. Na akijificha asipimwe, jina lake lingeitwa kwa sauti mara tatu, na wangeanza kumtafuta.

Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri katika mtihani wowote. "Simama kwenye foleni," nilimwambia. "Nikisema neno, usishangae. Vaa kila nguo tuliyo nayo, ukimbie jasho. Ukifika kizuizi cha kwetu, usigeuke."

Wakaitwa wa uzito wa nzi, wepesi kuliko wote, wakapita. Ikaitwa bantam. Etyang akapanda juu ya mizani. Kapteni alikuja upande wa pili wa ufito, kama desturi inavyotaka, akainua macho, na nikaona amemtambua. Kope zake hazikucheza, ila mdomo ulibaki wazi kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Ufito ulielea katikati. Etyang alikuwa sawa kabisa na uzito wake. Mimi ndiye niliyemtayarisha, angewezaje kukosea?

Nikaweka kidole gumba kwenye kidude, nikakirudisha nyuma. Ncha ya ufito ikaruka, ikagonga: ko! Kapteni alikuwa ameinamia palepale. Alikiona kidole changu kama ninavyoiona kalamu hii.

"Amezidi," nilisema.

Mgeni amesoma. Sasa lilibaki neno la mwenyeji. Yule wa mlangoni aliacha kutafuna. Nilisikia jasho langu likitembea ubavuni, nikamwomba Mungu wa mama yangu, yule wa kanisa dogo la Mundika, kwa lugha ya mama yangu.

Kapteni alinyoosha mgongo, akapumua kwa pua, kisha ile sauti ya tarumbeta ikalijaza ghala:

"Amezidi? Amezidi sana huyu! Ni bondia huyu ama gunia? Haya, toka, kimbia! Kimbia mpaka hayo mafuta yote yabaki barabarani!"

Mabondia wote wakacheka, wao na sisi. Tukamvika Etyang sweta za timu nzima na blanketi juu, kichwa kikafunikwa, akabaki macho. Alipopita mlangoni, mtu wa usalama alimpiga teke la utani matakoni na kusema, "Fanya haraka, ssebo, bwana wangu, bantam watakungoja."

Muda wa kukimbia jasho ulipokwisha, yule mtu alikuja mezani kwetu.

"Yule wenu wa blanketi yuko wapi?"

"Anakimbia," alisema Kapteni bila kuinua kichwa.

"Bado?"

"Amejazwa ugali wa Kenya, ule mweusi. Hautoki haraka."

Mtu akacheka, akamwaga karanga kidogo mezani tule. Mpinzani wa Etyang akapewa ushindi wa bure, yaani ule unaotolewa bondia asipofika kwa mizani, na hakuna aliyelizungumzia tena. Kapteni na mimi hatukuangaliana siku nzima. Tulipigwa karibu kila uzito usiku ule. Vijana wangu walikuwa wanapigana huku masikio yako mlangoni, na mimi niliyekaa kona yao na taulo sikujua kama nina bondia hai au maiti barabarani.

Kesho yake lori letu lilifika darajani mchana. Askari wa upande wao walituhesabu kwa kidole, wakatuangalia, wakapata tumepungua. Mdogo wao akauliza. Mkubwa wake akamwambia, "Achana nao. Kuna mmoja alipita hapa jana kama mzigo wa nguo. Hajarudi. Labda ameyeyuka." Wakainua mti.

Na pale upande wetu, juu ya kreti la soda nje ya ofisi ya forodha, lilikaa furushi. Sweta zote. Blanketi. Jua la mchana likiwaka.

"Afisa, huyu ni wako?" aliuliza karani wa forodha. "Amekaa hapo tangu jana. Amekunywa chai yetu yote na amekataa kuvua hata moja."

Furushi likageuza kichwa. "Afisa," likasema kwa sauti iliyokauka, "bado nimezidi?"

Nilimwangusha kutoka kwenye kreti kwa kumkumbatia. Hakuna somo la diploma lililonifundisha kulia mbele ya watu wa forodha, lakini nililia, na bondia wangu wa uzito wa juu, jibaba ambalo halikuwahi kusema zaidi ya neno moja, lilikaa barabarani likafunika uso.

Bwana DC alikuwa amesimama nje ya ofisi yake tulipofika Busia. Hakuuliza vikombe.

"Wote?"

"Wote, Bwana DC."

Akavua kofia, akakaa kwenye ngazi kama mtu wa kawaida, akaniambia, "Hebu keti na wewe." Nikakaa.

Baada ya hapo mashindano yalikufa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, geti likafungwa, na lile turubai langu likaanikiwa muhogo. Niliendelea kufundisha michezo shuleni na kuamua ndondi za polisi, lakini nilipopita Malaba sikupenda kuangalia daraja. Habari za Kapteni zilikuja kwa vipande. Amehamishwa. Amehojiwa. Haonekani. Mke wangu aliacha kupika samaki wa mchuzi ule.

Kisha mchana mmoja, karibu na mwisho wa miaka ya sabini, simu ya ofisi ililia. Alikuwa karani yuleyule wa forodha.

"Afisa, mwaka huu kuna mashindano na hatukuambiwa?"

"Mashindano gani? Yalikufa zamani."

"Basi njoo uone mambo. Kuna bondia wako amepita getini, sweta na blanketi, anahema kama treni. Askari wa kule wamemwinulia mti wakimzomea. Mimi nimemwambia, mzee, kwa tumbo hilo hata ukimbie mpaka Mombasa. Hajibu. Amekaa chini anataja jina lako tu."

Sikumbuki nilivyofika Malaba. Nakumbuka nilimkuta amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa ofisi, miguu mitupu imechanika, blanketi la jeshi shingoni. Alikuwa amekonda usoni, lakini tumbo lilibaki. Aliponiona alitaka kusimama, akashindwa.

"Ndugu," alisema, "na mimi nilizidi kule."

"Wala usigeuke," nilimjibu.

Alikaa kwangu Mundika hadi kule kwao kulipotulia, na hata kulipotulia hakurudi. Alinunua kipande cha ardhi upande wa Amukura, jirani na Etyang, na wawili hao wakafungua klabu ya ndondi kwenye banda la zamani la pamba. Mabingwa waliotoka pale mnawajua, na mimi ndiye niliyewaandikia kanuni zao.

Nilistaafu kwa heshima zote. Diploma yangu iko ukutani, ndani ya kioo, nami humwonyesha kila mgeni hata kama hajauliza. Nimeamua mapigano mengi kwa haki, na nikiulizwa ni uamuzi upi ninaojivunia, sichelewi kujibu: ule wa bantam, niliousoma kinyume na mizani.

Mwezi uliopita magoti yaliniuma, Kapteni na Etyang wakanisindikiza Nangina hospitalini. Daktari, kijana mwenye adabu, alinisimamisha kwenye mizani, akatazama, akasita.

"Mzee, sijui nikuambie vipi. Uzito wako..."

Nyuma yangu ile tarumbeta ya zamani ikalia, nzee lakini nzima, hadi wagonjwa wa benchi wakageuka:

"Amezidi! Amezidi sana huyu! Etyang, mletee blanketi!"